Kabla ya Kazi Kuanza: Mapatano ya Madyan, Kibarua na Kipande

Darsa ya Ramadhani iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri



Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumeombwa tuzungumzie amana, na katika milango mingi ya amana tumechagua ule wa kazi. Wengi wetu hapa Uingereza tumeajiriwa, na baadhi yetu tumeajiri: tuna mikahawa, maduka, kampuni za usafi, au tuna mtu anayetusaidia nyumbani kulea watoto na wazee. Swali letu ni hili: mwajiri anapaswa kumbainishia nini mtu kabla hajamtia kazini? Jibu tutalitafuta katika historia ya dini yetu na ya pwani yetu, maana zote mbili zinashuhudia jambo moja: kazi isiyokuwa na mipaka inayojulikana humwelemea aliye mnyonge.

Tuanze Madyan. Katika Surat al-Qasas tunasimuliwa habari ya Nabii Musa (a.s.) alipokimbia Misri, mgeni asiye na mali wala jamaa. Aliwateka maji mabinti wawili, na mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Tazameni jinsi mzee yule alivyofanya. Mgeni mwenye njaa angekubali sharti lolote, lakini mzee hakuitumia njaa yake. Alimtajia muda: miaka minane. Alimtajia malipo: ndoa ya mmoja wa mabinti zake. Akamwambia kwamba akitimiza kumi, hiyo ni hisani yake mwenyewe, si wajibu. Akaongeza kuwa hataki kumtia mashakani. Na Musa naye hakunyamaza. Alisema kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe kwa kudaiwa zaidi, na Mwenyezi Mungu ni shahidi wa maneno yao. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Musa aliutimiza ule muda mrefu zaidi. Hisani ilikuja kwa sababu haki ilikuwa imetangulia kujulikana.

Mafakihi wakaujenga mlango mzima wa ijara juu ya msingi huo: ujira uwe maalumu na kazi iwe maalumu. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu walichokisoma masheikh wetu wa pwani kizazi baada ya kizazi, mna mfano wa mshonaji. Inajuzu kumwajiri kwa muda, kwa mfano siku moja, na inajuzu kumwajiri kwa kazi, yaani ashone nguo hii. Lakini kumfungia vyote viwili pamoja, ashone nguo hii yote ndani ya siku hii moja, kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu ya Shafii ni kwamba haisihi. Kwa nini? Kwa sababu kazi huenda ikaisha kabla ya jua kutua, au jua likatua kabla ya kazi kuisha, na hapo hakuna ajuaye nani anamdai mwenzake. Mwanachuoni aliyefariki mwaka 1277 alikwisha liona tatizo ambalo wengi wetu hukutana nalo leo: kuajiriwa kwa saa nane, kisha kupimwa kwa kazi ya saa kumi na mbili.

Sasa tuje pwani yetu. Lugha yetu imehifadhi historia hii katika maneno tunayoyatumia kila siku. Ujira, ajira na mwajiri ni watoto wa neno moja na ijara ya mafakihi. Mshahara umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, yaani malipo yanayojulikana wakati wake. Na kibarua ni barua ndogo: kile kikaratasi alichopewa mtu ili akionyeshe wakati wa kulipwa, ushahidi kuwa siku yake ya kazi imekamilika. Jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe.

Lakini historia haitaki tuipambe. Katika Unguja ya karne ya 19, wengi walioitwa vibarua walikuwa watumwa, waliokodishwa kwa watu wengine, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Mabwana hao waliswali katika misikiti yetu, na walioifanya kazi hiyo vilevile ni wazee wetu. Mtume (s.a.w.) alikwisha tuusia, katika hadithi ya Abu Dharr waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasiyoyaweza, na tukiwabebesha basi tuwasaidie. Wapo waliouzingatia wasia huo na wapo walioupuuza. Anayeyasoma mambo haya kwa uadilifu hawezi kutaja kundi moja akalificha jingine.

Mwezi wa Aprili mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya himaya ya Waingereza, alitoa amri ya kuufuta utumwa katika sheria za Zanzibar. Aliyetaka uhuru wake utambuliwe alikwenda mahakamani, na alitakiwa aonyeshe mahali anapokaa na njia ya kujipatia riziki. Kwa hiyo wengi walibaki katika mashamba yaleyale ya mikarafuu kwa mapatano mapya: nyumba na kipande cha ardhi cha kulima, kwa badili ya siku kadhaa za kazi katika wiki. Hata hivyo wengi waliipenda zaidi kazi ya kutwa mjini, au kuchuma karafuu kwa malipo ya pishi. Wala hatushangai. Pishi ina mdomo wake, na ikijaa kila mtu anaona kuwa imejaa. Siku ya kibarua ina mwanzo na mwisho. Lakini kumfanyia kazi yule aliyekuwa bwana wako jana, kwenye shamba lilelile, ni nani atakayesema kazi inaishia wapi?

Huenda mtu akasema: basi dawa ni karatasi, tuandikiane tu. Hapo ndipo kipande kinapotufundisha. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri, ujira wake, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mwajiri asipotia saini ya kumruhusu kuondoka, mfanyakazi alihesabiwa mtoro na aliweza kushitakiwa. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyoongozwa na Harry Thuku, aliyekamatwa Nairobi mwaka 1922. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Lakini maandishi yale yalimfunga upande mmoja tu.

Linganisheni vikaratasi hivi viwili. Kibarua humpa mfanyakazi neno la kumwambia mwajiri: nimemaliza, nilipe. Kipande humpa mwajiri neno la kumwambia mfanyakazi: huondoki. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, nayo inaelekeza kwamba anayeamrisha maneno ya kuandikwa awe yule mwenye deni, naye akiwa dhaifu basi walii wake aamrishe kwa uadilifu. Yaani sauti ya yule atakayefungwa na maandishi ndiyo isikike kwanza. Hicho ndicho kipimo cha kila mkataba wa kazi: je, yule mnyonge ameyaelewa maneno yake, na je, anaweza kuyatumia kujitetea?

Ndugu zetu, sheria ya nchi hii tangu tarehe 6 Aprili 2020 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake tangu siku ya kwanza: malipo, saa, siku za kazi, likizo na muda wa majaribio. Na ndugu zetu walioko Oman wana sheria ya kazi ya mwaka 2023 inayopunguza saa za Waislamu katika Ramadhani ziwe 6 kwa siku na 30 kwa wiki. Lakini sheria haiingii katika kila jiko. Wapo kati yetu wanaomwita binti wa jamaa "aje atusaidie," na miezi inapita hajui kama yeye ni mgeni, ni mtoto wa nyumba au ni mfanyakazi. Anaamka kupika daku, anashinda na watoto, anaandaa futari, anaosha vyombo watu wakiwa msikitini kwa tarawehe. Akiuliza ujira, huambiwa sisi ni familia. Akipumzika, huambiwa hajui kazi. Udugu hapo umegeuzwa kuwa pazia la kuficha haki.

Basi kabla ya Idi, kila mmoja wetu aliye na mtu chini ya mkono wake aketi naye. Ambainishie kazi yake ni ipi na ipi si yake. Amtajie saa za kuanza na kumaliza, na vipi zitabadilika katika mwezi huu. Amtajie ujira na siku ya kuupokea. Amweleze atapimwa kwa jambo gani, ili asilaumiwe kwa sharti ambalo hakulisikia. Kisha amwulize yeye anasemaje, kama Musa alivyopewa nafasi ya kusema. Yaandikwe kwa lugha anayoisoma, na nakala moja abaki nayo.

Katika hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaitimiziwa kazi yake, kisha asimpe ujira wake. Mfungaji anayeacha chakula cha halali mchana mzima asije akafuturu kwa jasho la mtu mwingine.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awarehemu wazee wetu, walioajiri na walioajiriwa, waliomiliki na waliomilikiwa, na atujaalie kuwa watu wa kutimiza ahadi. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.