SOMO LA SABA: MATAMBARA CHINI YA MEZA



Leo twazungumza juu ya jambo ambalo huenda mkaliona dogo, nalo ni takataka za kazini. Fundi cherehani akikata nguo, vipande huanguka. Huvisukuma kwa mguu chini ya meza na kusema, "Nitaviondoa kesho." Kesho nayo ina mambo yake. Basi sikilizeni habari ya matambara yaliyongoja kesho, na mambo yaliyotokea.

Katika mji wa New York, nchini Marekani, palikuwa na jengo lenye ghorofa 10 lililoitwa Asch. Ghorofa tatu za juu, ya 8, ya 9 na ya 10, zilikuwa za kampuni ya Triangle iliyoshona blauzi za wanawake. Wafanya kazi wake walikuwa kama 500, wengi wao wasichana waliohamia huko kutoka Italia na nchi za mashariki ya Ulaya. Jengo lenyewe lilijengwa ili lisishike moto, na watu wakaliamini.

Lakini tazameni mlikuwa na nini ndani. Katika ghorofa ya 8 palikuwa na meza ndefu za kukatia vitambaa. Chini ya meza hizo palikuwa na masanduku ya mbao ya kutilia vipande vilivyobaki. Juu yake zilitundikwa karatasi za vipimo. Vipande hivyo havikuhesabiwa kuwa takataka, maana alikuwako mnunuzi wa matambara aliyevinunua. Kwa hiyo viliwekwa mpaka aje. Mara ya mwisho alikuja mwezi Januari mwaka 1911, akachukua zaidi ya ratili 2,000. Tangu siku hiyo mpaka mwisho wa Machi vipande vilirundikana tena.

Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911, yapata saa kumi na dakika 40 alasiri, watu walikuwa wakijitayarisha kwenda nyumbani. Moto ukatokea katika sanduku moja la matambara. Waliochunguza walidhani kwamba mtu alitupa humo kijiti cha kiberiti au kipande cha sigara, ingawa kuvuta sigara kulikatazwa. Watu walimwaga ndoo za maji, lakini haikufaa kitu. Walivuta mpira wa maji uliokuwa kwenye ngazi, nao haukutoa maji. Moto ukapanda kwenye karatasi, ukaenea chumba kizima.

Ghorofa ya 10 walipigiwa simu, na wengi wakaokoka kwa kupitia darini, wenye kampuni wakiwa miongoni mwao. Ghorofa ya 9 hawakupata habari mpaka moto ulipowafikia. Huko vyerehani vilipangwa mistari mirefu, na nafasi ya kupita ilikuwa finyu. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye kampuni waliogopa wizi, wakataka kila msichana atokee upande mmoja akaguliwe mkoba. Ngazi ya chuma ya nje ikavunjika kwa uzito wa watu. Waendesha lifti walipanda na kushuka mara nyingi, wakaokoa watu wengi, mpaka lifti zikashindwa. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Watu wengi wakajitupa madirishani.

Walikufa watu 146: wanawake na wasichana 123, na wanaume 23. Na lile jengo? Halikuanguka. Limesimama mpaka leo, na ni mali ya Chuo Kikuu cha New York. Kuta hazikuwa na kosa; kilichoua ni vile vilivyowekwa ndani yake, pamoja na mlango uliofungwa.

Wenye kampuni walishtakiwa, na mwezi Desemba mwaka huo huo wakaachiliwa. Lakini watu hawakunyamaza. Serikali ya jimbo la New York iliunda tume ya kuchunguza viwanda, na katika miaka iliyofuata zikatungwa sheria zaidi ya 30. Ziliamuru takataka ziondolewe na kutiwa katika vyombo visivyoshika moto, milango isifungwe watu wakiwa ndani, na wafanya kazi wazoezwe kutoka haraka. Frances Perkins, aliyeuona moto ule kwa macho yake, alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani mwaka 1933, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo.

Pengine utasema, "Mimi nina chumba kimoja na vyerehani viwili." Ndugu yangu, chumba kidogo hujaa upesi kuliko kikubwa, na mara nyingi kina mlango mmoja tu. Basi fanya hivi. Chagua siku isiyo na wateja wengi, uanze wakati wa mchana. Zima umeme na pasi kwanza. Safisha njia ya mlangoni kabla ya kona nyingine yo yote. Kisha gawa vitu mafungu matatu: vya kazi ya kila siku, vya kuuza au kugawa, na vya kutupa. Vizito viweke chini, vyepesi juu. Usirundike mpaka darini. Mafuta ya taa yakae mbali na vitambaa. Vipande vitie katika debe la bati lenye kifuniko, ulitoe nje kila jioni. Kama una mnunuzi wa matambara, yamngojee nje, si chini ya meza yako.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Kwa nini matambara hayakuondolewa kila siku?
2. Mlango ulifungwa ili kulinda mali. Je, ungelindaje mali yako bila kuwafungia watu?
3. Ukirudi kazini kesho, utaanza na kona ipi?