Amplifaya ya Valvu Uliyojitengenezea: Jinsi ya Kuongeza Pedali na Busti ya Mguu Bila Kupigwa na Stima

Wewe ni yule msee ambaye hakungoja kuomoka ndio anunue amplifaya ya majuu. Ulisaka ramani, ukashuka Luthuli kutafuta rezista na kapasita, ukaagiza valvu na transfoma, ukalehemu usiku kucha, na siku ulipoiwasha ikaimba. Hongera, hiyo si kazi ya mchezo.

Halafu ukaipeleka kwa bendi. Dramu zikaanza, kinanda kikajaa, besi ikaingia. Solo yako ikafika, ile sehemu ambayo kwenye benga sauti za waimbaji hunyamaza na gitaa linashika usukani, na hakuna aliyekuskia. Ukafungua volyumu mpaka mwisho. Ikanguruma zaidi, lakini haikupanda.

Sasa unataka pedali kadhaa na busti ya kukanyaga kwa mguu. Poa sana. Lakini shika mambo mawili kabla hujawasha chuma cha kulehemu. Moja, busti haiongezi sauti kama amplifaya imeshafika mwisho wa nguvu zake. Mbili, swichi ya mguu haifai kukutana na volti kubwa hata siku moja. Mengine yote yanatoka hapo.

Stima haina beste

Tuchukue mfano wa ramani ambayo wengi huanza nayo, Fender Champ 5F1 ya miaka ya 1950: valvu moja ya 12AX7, moja ya 6V6, na 5Y3 ya kugeuza stima. Inatoa kama wati 5 tu, lakini ndani yake kuna zaidi ya volti 300. Na usidanganyike eti umechomoa plagi. Kapasita kubwa za ndani zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuzima.

Kwa hivyo kila ukifungua, fuata hii rada:

- Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi pekee haitoshi.
- Chukua rezista ya 10K, wati 5, yenye waya na klipu zilizofunikwa. Unganisha kapasita kubwa na chasisi kupitia hiyo rezista kwa sekunde kadhaa. Usitumie bisibisi, itatoa cheche na kuharibu vitu.
- Pima na multimita upande wa DC. Fanya kazi ikiwa imeshuka karibu na sufuri, si kabla.
- Ukilazimika kupima ikiwa imewashwa, mkono mmoja uweke mfukoni, ndio stima isipate njia ya kupita kifuani.

Halafu kuna waya wa ethi. Chasisi lazima iunganishwe na pini ya tatu ya plagi, na plagi iingie kwa soketi yenye ethi inayofanya kazi. Ile tabia ya kudunga kalamu kwa tundu la juu ndio plagi ya pini mbili iingie, achana nayo kabisa. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chasisi. Chasisi ikishika stima bila ethi, nyuzi pia zimeshika, na ukigusa maikrofoni kwa mdomo wewe ndio unakuwa waya. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea mwaka 1972, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi.

Na kama transfoma yako ilitoka Marekani, hakikisha ina upande wa volti 240. Ya volti 120 pekee ukiichomeka hapa Kenya moja kwa moja, itaungua.

Njia ya kwanza: pedali mbele ya amplifaya

Hii ndiyo rahisi na salama, kwa sababu hufungui kitu. Gitaa linaingia kwa pedali, pedali inaingia kwa amplifaya. Mpangilio ambao wengi huanza nao ni huu: tyuna, wawa, ovadraivu, korasi, dilei, kisha riva. Si sheria, lakini una sababu. Dilei ikikaa kabla ya ovadraivu, kila mwangwi unachafuliwa upya na unasikia uji tu.

Kumbuka pia kwamba amplifaya yenyewe ni kama ovadraivu ya mwisho. Ukiifungua mpaka ingurume, dilei na riva zilizo mbele yake zitanguruma pamoja nayo. Ukitaka mwangwi safi, rudisha volyumu ya amplifaya chini na uchafu utoe kwa pedali.

Busti ya pedali ni kisanduku kidogo tu. MXR Micro Amp, kwa mfano, inaweza kuongeza hadi desibeli 26. Wengine hutumia Ibanez Tube Screamer: uchafu chini, sauti juu. Hiyo inapunguza besi na kusukuma sauti za kati, na hapo kati ndipo gitaa hupenya kwa bendi.

Mahali pa kuiweka ni muhimu. Busti ikiwa kabla ya ovadraivu, unapata uchafu zaidi. Ikiwa baada yake, unapata sauti zaidi, mradi amplifaya bado ina nafasi.

Stima ya pedali: nyingi hutaka volti 9 DC, hasi katikati. Ile adapta ya router iliyolala kwa droo huwa chanya katikati, na router nyingi ni volti 12. Soma alama kwanza, kwa sababu ukigeuza unaweza kuua pedali. Ukisikia mlio mwembamba pedali zote zikiwa kwa adapta moja, jaribu betri kwa moja moja mpaka umjue mkorofi.

Njia ya pili: busti ndani ya amplifaya

Hapa ndipo mafundi hufurahia. Kila nusu ya 12AX7 ina kathodi, na chini yake kuna rezista, mara nyingi ya 1.5K. Bila kapasita sambamba na hiyo rezista, hatua hiyo inakuza sauti kama mara 32 hivi ikiwa na rezista ya 100K kwa anodi. Ukiweka kapasita, inafika karibu mara 60. Hiyo ni kama desibeli 6 za ziada kwa kapasita moja ya bei ya chai.

Kitamu zaidi ni kwamba kwa kathodi hiyo kuna volti moja au mbili tu. Ndiyo maana hapa ndipo mahali sahihi pa swichi.

- Kapasita ya maikrofaradi 25 inaongeza sauti zote, besi ikiwemo. Ya 0.68 inaacha besi nyuma kidogo na kusukuma kati na juu. Kwa solo, anza na ya 0.68.
- Kathodi ni pini 3 au 8, kulingana na ramani yako. Pini 1 na 6 ni anodi, na hapo kuna zaidi ya volti 100. Hesabu pini mara mbili.
- Tumia hatua ya kwanza. Kwenye Champ, kathodi ya hatua ya pili inapokea fidibaki kutoka upande wa spika, kwa hivyo iache.
- Weka rezista ya 1M sambamba na swichi. Inaweka kapasita ikiwa na chaji tayari, ndio ukikanyaga usisikie "paap!" kwa spika.

Usivute kathodi yenyewe kwa kebo ya mita tano mpaka jukwaani. Itafanya kazi, lakini itaokota mngurumo njiani. Tumia relei ndogo ya volti 9 ndani, karibu na soketi ya valvu. Kisanduku cha mguu kinachukua volti 9 kutoka kwa adapta ya pedali na kuituma kwa koili ya relei. Miguu ya relei ndiyo inaunganisha kapasita. Weka daiodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukiwa upande wa chanya. Jeki iwe ya plastiki, isiguse chasisi, ndio stima ya relei na sauti zisichanganyikane.

Kwa mpango huu, hata kebo ikikanyagwa na kukatika, kinachokutana na mguu wako ni volti 9. Basi.

Vipi kuhusu kuchomeka pedali katikati ya amplifaya?

Utaskia wasee wakisema toboa tu jeki mbili katikati ya hatua mbili. Usijichoche. Sauti iliyo katikati ya valvu inaweza kufika makumi ya volti, na pedali ya volti 9 haiwezi kuibeba. Lazima sauti ishushwe kabla ya kutoka, na ikirudi ikuzwe tena. Hiyo ni saketi nzima ya ziada, labda valvu nyingine. Kama hii ndiyo amplifaya yako ya kwanza, baki na pedali mbele.

Mbona solo bado haiskiki?

Tunarudi kwa shida ya mwanzo. Ili sikio lisikie sauti imekuwa maradufu, unahitaji nguvu kama mara kumi. Yaani kutoka wati 5 hadi wati 50. Busti haina hizo wati. Kama 6V6 imeshafika mwisho, busti inaongeza uchafu tu.

Kwa hivyo panga kinyumenyume. Washa busti kwanza, piga solo yako, na uweke volyumu pale ambapo solo imekaa fiti. Kisha zima busti. Hiyo sauti iliyobaki ndiyo ya ridhimu. Ikiwa ridhimu ni ndogo sana kwa bendi, shida si busti, ni ukubwa wa amplifaya. Weka maikrofoni mbele ya spika na upitishe kwa mixa, wati za ukumbi zifanye kazi.

Kabla hujawasha

Spika imeunganishwa? Amplifaya ya valvu bila spika inaweza kuua transfoma ya kutoa sauti. Fyuzi ni ya saizi iliyo kwa ramani? Ethi ya plagi umeipima mpaka kwa chasisi? Hakuna kipande cha waya kimelala ndani?

Yote yakiwa sawa, iwashe, ipe dakika moja valvu zipate moto, kisha kanyaga. Solo ikifika safari hii, dramu zitabaki nyuma yako.