Kaimu na Bweni: Istilahi Mbili za Msafiri Mwenye Mnyama

Lugha za Ulaya zina istilahi mbili kwa jambo ambalo Kiswahili, hata leo, hulieleza kwa sentensi nzima. Ya kwanza ni ya mtu: yule ajaye katika nyumba ya msafiri, au ahamiaye humo kwa muda, amlishe mbwa au paka, amsafishie, aitazame afya yake, hali mnyama mwenyewe hakuondoka mahali alipopazoea, naye Waingereza wamempa jina lenye maana ya mwenye kuketi na mnyama. Ya pili ni ya mahali: nyumba iliyotengwa kuwapokea wanyama wa watu, wakalala humo kwa ujira mpaka wenyewe warejee, na Wafaransa huiita pansioni. Nadhani Kiswahili hakina haja ya kuazima hata moja ya mawili haya, kwa kuwa kina kaimu na kina bweni.

Kaimu ni mtu asimamaye mahali pa mwingine kwa muda maalumu. Cheo si chake, walakini kazi za cheo ni juu yake, na lawama kadhalika. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyeachiwa mnyama nyumbani: hakuwa mfugaji, ila kila kilichompasa mfugaji sasa kinampasa yeye, kuanzia maji ya asubuhi hata kumtambua mnyama aliyekataa chakula na kumwita daktari kabla siku ya pili haijatua. Wako wanaopenda neno mlinzi, nami silikubali, kwani mlinzi huitazama nyumba na mali, na hapa Goma ana jina lake analoitwa kila siku, sentineli. Ni kweli kwamba sentineli ndiye aliyeifanya kazi ya ukaimu miaka yote. Mwenye nyumba akienda likizo humwachia ufunguo wa lango, kiroba cha unga na fedha za samaki wa sambaza, kisha akaondoka kana kwamba kumlisha mbwa ni sehemu ya kulinda ukuta. Kazi hizo ni mbili, na aliyezibeba zote mbili anastahiki ujira wa zote mbili. Jina la ukaimu, lau lingezoeleka, lingemsaidia kuudai.

Bweni ni neno la kale kuliko shule za bweni. Pwani lilikuwa nyumba walimolala vijana wasiooa, kisha likahamia kwa wanafunzi, nalo limebaki na maana yake ya kulala pamoja chini ya utaratibu wa mwingine. Kwa hiyo nalipendelea kuliko hoteli, maana mgeni wa hoteli hutoka apendapo, na mnyama hatoki mpaka atolewe. Tena neno hili linatukumbusha hatari iliyomo, kwani wanaolala pamoja huambukizana: kikohozi cha mbwa huenea haraka penye mabanda yaliyokaribiana, na parvo, maradhi ya kuhara damu yauayo watoto wa mbwa kwa siku chache, hukaa katika udongo kwa miezi mingi. Bweni lisilodai kadi ya chanjo mlangoni, chanjo ya kichaa cha mbwa ikiwa ya kwanza, halifai kuaminiwa, hata likiwa na sakafu ya saruji na bakuli za bati zing'aazo.

Basi msafiri achague lipi? Tabia ya mnyama hujibu sehemu kubwa. Paka ameshikamana na mahali. Akihamishwa hujificha, na pengine hususia chakula, na paka asiyekula siku kadhaa mfululizo, hasa aliye mnene, huweza kuugua ini kwa mafuta yanayolijaa. Huyo ni wa kaimu. Mbwa ameshikamana na watu, na mbwa mchangamfu aliyezoea wenzake huweza kustahimili bweni vizuri kuliko kukaa peke yake uani akimwona binadamu mara mbili kwa siku. Mnyama mzee, au mwenye dawa ya kila siku, ni wa kaimu mwenye mkono mtulivu.

Desturi ya nchi yetu imekwisha kuyajua haya katika mifugo mikubwa. Wako wakaaji wa Goma wenye ng'ombe katika malisho ya Masisi, ambao hawachungi wenyewe, bali huwakabidhi kwa mchungaji. Wasemao Kinyarwanda huita tendo hilo kuragiza, na mnyama aliyekabidhiwa hivyo humwita indagizo. Kiswahili kinaweza kusema kuchungisha, kwa mnyambuliko wake wa kawaida. Mchungaji hupata sehemu yake, pengine maziwa, pengine ndama kwa mapatano, na mwenye mali hubaki na haki ya asili. Wanavyuoni wa fiqhi nao huiita mali iliyowekwa kwa mtu amana, na aliyeipokea hulipa ikiharibika kwa taksiri yake, wala halipi kwa kudura isiyo na taksiri. Sheria ya mikataba ya Kongo, iliyotungwa tarehe 30 Julai 1888 na ingali ikitumika, inamtaka mpokea amana aitunze kama atunzavyo mali yake mwenyewe.

Ila Goma ina jambo ambalo istilahi za Ulaya hazikulifikiria. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku, na uji wa moto ukakoma karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe, na umati ukashika njia ya Sake, na ya Rutshuru, na ya Gisenyi. Aliyekuwa safarini wakati huo na mbwa wake yuko nyumbani, alimwachia kaimu amri gani? Kumlisha na kumnywesha, naam. Lakini je, alimpa ruhusa ya kumhamisha? Kaimu asiye na ruhusa hiyo yumo kati ya taksiri mbili: akimwacha amemtupa, akimchukua amevuka mpaka wa kazi yake. Wala bweni si salama kwa kuwa ni bweni, ikiwa limejengwa upande wa kaskazini wa mji na halina gari.

Walezi wa gorila wa Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, walilijua swali hili katika hali iliyo nzito zaidi. Mwaka 2012, mapigano yalipoyakaribia makao hayo, mmoja wao, André Bauma, alibaki na gorila yatima wa kituo cha Senkwekwe, ambao hawakuweza kubebwa wala kuachwa. Hatuwezi kumtaka kaimu wa mbwa afanye kama yeye, na mwenye mnyama hana haki ya kumtaka mtu ahatarishe roho yake; hilo liandikwe wazi. Liandikwe pia, kabla mkoba haujafungwa, kwamba kaimu anaruhusiwa kuondoka na mnyama kwa hukumu yake mwenyewe, atakwenda kwa nani na kwa njia ipi, kadi ya chanjo imewekwa wapi ili isikosekane penye mpaka, kapu la paka na kamba ya mbwa viko mlango gani, na ni nani atakayelipa ujira wake siku zikizidi zile zilizotajwa.