Nyumba ya Bustani Katika Mji wa Chicago

Katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani, iko bustani ndogo iitwayo Davis Square. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, maana zamfaa kila mtu aliye na jirani.

Karibu na mahali hapo palikuwa na mazizi makubwa ya ng'ombe na nguruwe, yaliyofunguliwa mwaka 1865. Watu wengi wa Ulaya walikuja kufanya kazi katika machinjio yake. Walikaa katika nyumba za mbao zilizosongamana, penye moshi na uvundo, na nyingi hazikuwa na mahali pa kuogea. Bustani kubwa za mji zilikuwako, walakini zilikuwa mbali.

Basi, mwaka 1905 wakuu wa bustani za upande wa kusini walifungua bustani kadhaa ndogo, na Davis Square ni mojawapo. Ndani yake ilijengwa nyumba kubwa yenye mabafu, kumbi za kunyosha viungo na ukumbi wa mikutano. Watu waliingia bila kulipa.

Lakini mlango ulio wazi si upendano. Watu wa Polandi, wa Lithuania na wa Ireland walikuwa na makanisa yao mbalimbali, hata wa dhehebu moja hawakupenda kushirikiana. Tena, watu weusi walipokwenda katika baadhi ya bustani za mji walipigwa na kufukuzwa. Na katika fujo za mwaka 1919 watu 38 waliuawa.

Hata tarehe 14 Julai 1939, wajumbe wa makanisa, wa vyama vya wafanya kazi na wa wenye maduka walikutana katika nyumba ile. Joseph Meegan, msimamizi wa bustani, na Saul Alinsky ndio waliowakusanya. Wakaunda baraza la ujirani, wakashughulikia chakula cha watoto shuleni, afya na kazi. Wasioketi pamoja zamani sasa waliketi meza moja.

Walakini miaka ya baadaye wenyeji wale wale walijitahidi kuwazuia watu weusi wasihamie kwao, na jambo hilo lilimsikitisha Alinsky.

Mazizi yalifungwa mwaka 1971, bustani ingaliko. Wazee walisema, nyumba njema si mlango. Nasi twaongeza: wema wake hujulikana kwa yule anayekaribishwa ndani, na kwa yule aliyeachwa nje.