Fundi Hanukuu Bei, Anaitaja

Fomu moja ya kukarabati nyumba za watumishi inamtaka mkandarasi alete "nukuu ya bei". Neno hili limeenea maofisini, na sidhani kama waliolipitisha wamewahi kusimama sebuleni na fundi mwenye futikamba mkononi.

Kunukuu ni kurudia maneno ya mwingine kama yalivyo. Mhubiri hunukuu aya. Mwandishi wa habari humnukuu waziri. Mkandarasi anamnukuu nani? Bei ni yake, na hasara ikitokea ni yake. Neno la Kiingereza, quotation, lina maana mbili, nasi tukabeba ile isiyohusika.

Wapo wanaoona "makadirio" yanatosha. Hao nawaheshimu zaidi, maana kadiri ni neno kongwe. Shina lake la Kiarabu, q-d-r, ndilo lililotupa kudura na kadari, na ndani yake mna kupima na mna kuamua. Tanzania wataalamu wa kukadiria gharama za ujenzi huitwa wakadiriaji majenzi, na bodi inayowasajili imelibeba jina hilo. Jina zuri mno. Lakini kukadiria ni hatua ya kwanza tu. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20. Fundi huongeza asilimia 10 kwa vigae vitakavyokatwa na kuvunjika, zikawa 22. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita 1.44 za mraba, basi yanahitajika maboksi 16. Hapo bado hajajifunga kwa lolote. Saruji yaweza kupanda, na sakafu ya zamani ikibanduliwa yaweza kukutwa imeoza. Akishajumlisha vifaa, ufundi, usafiri na faida yake, akasema "kazi hii naifanya kwa kiasi hiki", na mteja akaridhia, hapo wameshapatana, na kesho hawezi kudai zaidi kwa kazi ileile.

Tendo hilo naliita tajo. Mteja yeyote husema, "Fundi, taja bei yako." Kitenzi tunacho, na njia ya kukigeuza nomino tunayo: waza hutoa wazo, lenga hutoa lengo, tenda hutoa tendo. Kamati ya istilahi niliyoipelekea neno hilo ilijibu kwamba halijazoeleka. Na nukuu ya bei ilikuwa imezoeleka wapi kabla ya kupachikwa kwenye fomu? Msanifu mmoja wa kamusi akaongeza kuwa watu watalichanganya na taji. Mbona hatujawahi kuchanganya tendo na tende?

Matumizi yake ni mepesi: tajo la bei, matajo matatu ya kulinganishwa. Liandikwe tarehe, siku ambazo bei itasimama, na kama kodi ya ongezeko la thamani imo au haimo.