Sifuri na Kimya: Tahadhari za Takwimu za Afya Mitwaba

Kanda ya afya, yaani eneo la huduma lenye ofisi kuu, hospitali ya rufaa na vituo kadhaa, ni muundo wa miaka ya 1980 katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa kuwa Mitwaba, moja ya kanda hizo, iko mamia ya kilomita kaskazini mwa jiji la Lubumbashi, kwa njia ambayo mvua huiharibu, habari za magonjwa zilitegemea foni, yaani redio ya upepo inayoendeshwa kwa betri na paneli ya jua. Muuguzi alisoma idadi za juma, na mpokeaji aliweza kuuliza papo hapo umri wa wagonjwa na kijiji walichotoka, hivyo taarifa na uhakiki wake vikaenda pamoja.

Mwaka 1998 nchi za Afrika katika Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkakati wa ufuatiliaji wa pamoja wa magonjwa, ambao ulitaka kila ugonjwa uwe na kizingiti, yaani idadi ambayo ikifikiwa lazima hatua ichukuliwe. Kwa kipindupindu, mgonjwa mmoja anayeshukiwa alitosha. Kwa surua, watano ndani ya mwezi mmoja.

Kanuni iliyokuwa na uzito zaidi, ingawa haina mvuto, ilihusu sifuri. Kituo kisicho na mgonjwa kilitakiwa kutamka "sifuri", kwa sababu kunyamaza kungeweza kumaanisha betri iliyokufa au muuguzi aliyekimbia. Mitwaba haikuhitaji kufundishwa tofauti hiyo, kwani mapigano ya jeshi na wanamgambo wa Mai-Mai yaliwang'oa watu makwao kwa wingi, hadi Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wao aliyejulikana kuliko wote, aliposalimu amri hapo hapo Mitwaba mwezi Mei 2006. Katika hali kama hiyo kimya chenyewe kilikuwa tahadhari.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 takwimu za Kongo zilihamia hatua kwa hatua kwenye DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini ya baada ya ubaguzi wa rangi. Programu hiyo huweza kumtumia mhusika ujumbe kizingiti kinapovukwa. Lakini kwa mpangilio wake wa kawaida haihifadhi sifuri, mpaka msimamizi aiagize ifanye hivyo; asipoiagiza, nidhamu ya foni hupotea kimyakimya.

Ujumbe ukifika, kwanza namba hutiliwa shaka, maana aliyeandika 50 mahali pa 5 huzusha tahadhari ile ile ya surua ya kweli. Ofisi ya kanda humrudia muuguzi, kwa simu penye mtandao na kwa foni au pikipiki pasipokuwa nao, ili fomu ilinganishwe na daftari la wagonjwa. Idadi ikithibitika, damu ya wagonjwa wa kwanza hupelekwa kwenye maabara ya INRB, taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, upande wa pili wa nchi, na sharti ifike huko ikiwa bado baridi.