Kapteni Alex aliuawa mara mbili

Filamu ya "Who Killed Captain Alex?", iliyotengenezwa mtaani Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, imeshavuka umri wa miaka 15, na heshima yake inazidi kukua ughaibuni. Mwaka 2019 taasisi ya American Genre Film Archive ya Marekani iliitoa kwenye diski ya Blu-ray, pamoja na "Bad Black" ya 2016. Kwa kawaida toleo la aina hiyo huanzia kwenye nakala mama, ambayo mafundi huisafisha picha na sauti. Kapteni Alex hana nakala mama. Aliyeifuta ni mtengenezaji wake mwenyewe, na kisa hicho kinatufundisha zaidi juu ya utunzaji wa sanaa Uganda kuliko sifa zote tulizozizoea za Wakaliwood, studio hiyo ya Wakaliga.

Sifa zenyewe zinajulikana: Isaac Nabwana, mfyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005 na kuipa jina linalotokana na majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica, mdau wa filamu Alan Hofmanis akavutwa kutoka New York hadi Wakaliga na kionjo cha filamu hii alichokiona mtandaoni, na mwaka 2015 filamu nzima ikawekwa YouTube. Jambo linalopitiwa haraka ni hatima ya faili. Nabwana amesimulia kwamba bajeti haikufika dola 200. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, na helikopta zinazoishambulia Kampala zilichorwa kwenye kompyuta alizoziunga kwa vipuri. Diski ilipojaa, filamu iliyokwisha ikafutwa ili inayofuata ipate nafasi. Tusimwite mzembe. Kazi ilikuwa imeshaingia sokoni kwa DVD, ambazo waigizaji wenyewe walizichuuza mtaa kwa mtaa wakishindana na maharamia, na pesa ya mlo wa kesho ilikuwa kwenye filamu ijayo. Basi soko ndilo lililoiokoa: kilichosalia ni nakala ya DVD, nayo ina sauti ya VJ Emmie, msimulizi wake, juu ya mazungumzo ya waigizaji.

Wapo wanaosema hakuna kilichopotea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hoja yao inakwenda, watu wa Kampala wamezoea kutazama filamu kwenye vibanda huku VJ akitafsiri, akitania na kuchochea. Filamu isiyo na VJ ni mchuzi usio na chumvi. Ni kweli kwamba Emmie ni nusu ya raha ya Kapteni Alex, na atakayetaka kumwondoa hajaielewa filamu. Lakini hoja hiyohiyo inawageukia wenyewe. Uhai wa VJ ni kwamba filamu moja husimuliwa upya katika kila kibanda, na kila mmoja huigeuza kwa ulimi wake. Ili VJ mwingine aifanyie kazi filamu hii kesho, anahitaji picha na mazungumzo yasiyofunikwa na mwenzake. Watengenezaji wa gemu wamelielewa hilo. "Day of the Tentacle", gemu ya mafumbo na vichekesho inayochezwa kwa kubofya kipanya, ilitolewa na LucasArts mwaka 1993. Studio ya Double Fine ilipoitoa upya mwaka 2016, iliweka kitufe cha kurudi papo hapo kwenye michoro ya zamani. Mchezaji analinganisha, anachagua, anahukumu. Mtazamaji wa Kapteni Alex hana kitufe hicho.

Wengine watauliza kama kweli filamu ya dola 200 inastahili gharama za hifadhi. Thamani ya kumbukumbu haipimwi kwa bajeti yake, na utajiri peke yake hauilindi. Gemu ya "Grim Fandango" ya 1998 ilitoka kwenye kampuni yenye fedha, lakini ilipotengenezwa upya kwa toleo la 2015 mafundi walihangaika na kanda za akiba ambazo mashine za kuzisomea zilishakuwa adimu. Hapa kwetu, picha hasi zipatazo 70,000, zikiwemo za enzi za Idi Amin, zilikaa kwenye kabati la shirika la utangazaji, UBC, hadi zilipoibuliwa mwaka 2015, na baadhi yake zikaonyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Zilisalimika kwa bahati tu. Tangu 2013 Tume ya Mawasiliano, UCC, huandaa Tamasha la Filamu la Uganda na kutoa tuzo. Ingeongeza sharti moja: kila filamu inayoshindanishwa ikabidhi nakala safi, sauti zikiwa zimetenganishwa, na serikali ilipie diski. Msanii asilazimike tena kuchagua kati ya filamu aliyoimaliza na ile anayotaka kuianza.